NENO LA DEREVA MTONI LISIKIZWE



Mvua zikianza, sisi watengenezaji wa njia ya reli hupelekwa kazini kwa Land Rover na lori, na njiani kuna mito ya mchanga iliyokuwa mikavu jana. Hapo msimamizi husema, "Pita, tumechelewa." Twasema amri hiyo si yake. Ni ya dereva.

Wengine hudhani gari linalovuta kwa magurudumu yote manne halishindwi na maji. Si kweli. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 60 huweza kuyachukua magari mengi, hata ya namna hii. Gari likianza kuelea, magurudumu hayashiki chini, na nguvu za injini hazifai kitu.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lilizama katika mto Enziu, Kitui, likienda arusini. Watu zaidi ya 30 walikufa. Nasi wa reli hatujasahau Ngai Ndethya, Januari 1993, mafuriko yalipobomoa daraja na treni ya abiria ikaanguka. Walikufa zaidi ya 100. Ikiwa treni ilishindwa, Land Rover ni nini?

Maji yakiwa machache na matulivu, yapimwe kwanza kwa fimbo, na pa kutokea paonekane. Madirisha na mikanda ifunguliwe. Gia ya chini iingizwe kabla ya kugusa maji, mwendo uwe wa pole usiokatika, wala klachi isikanyagwe katikati. Ng'ambo, breki zikaushwe kwa kukanyagwa kidogo kidogo. Lakini mto ukifurika hakuna ufundi. Ni kungoja tu. Mito ya namna hii mara nyingi hupungua baada ya saa chache.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri asimrudishe penye hatari kabla haijaondolewa. Basi twataka mambo mawili: dereva akikataa kuvuka asiadhibiwe, na saa za kungoja zihesabiwe kuwa saa za kazi. Maana anayeogopa kukatwa mshahara ndiye anayejitosa.

Kila tawi lilete jambo hili mkutanoni kabla ya mvua. Kawia ufike.