Kilo za kusimamia: majirani hawana mizani

Mu miji yetu ya migodi, toka Kolwezi mpaka Lubumbashi, kupitia Fungurume na Likasi, mtu akinenepa anapongezwa, akikonda anahurumiwa. Chukueni dereva wa kamyo kubwa ya mgodi. Munganga anamwambia tansiyo imepanda: apunguze chumvi, apunguze pombe, apunguze kilo. Anasikia. Mwezi kwa mwezi anashuka: 104, 99, 94. Tansiyo nayo inaanza kushuka. Hapo midomo inafunguka: "Papa, uko na nini? Unamalizika!" Ku kanisa wanaanza kumwombea. Familia ya bwana inamwangalia bibi kwa jicho baya: huyu anamupikia mtoto wetu kweli? Kisha miezi mitatu, baba anarudia bia na bukari ya kujaza sahani, ili uso ujae tena na watu wanyamaze. Kilo zinarudi, na tansiyo inarudi nazo.

Sisi tunasema: kupunguza kilo ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kujua utasimama fasi gani, na nani anakata shauri hiyo. Tunaona vibaya ikatwe na jirani ku mlango.

Lakini tusicheke wale wanaoogopa kukonda. Hofu ile iko na sababu. Zamani Union Minière, kisha Gécamines, walikuwa wanatoa posho, na mufuko wa bunga ulifika ku nyumba ya mfanyakazi. Nyumba yenye kushiba ilionekana ku mwili wa watu wake. Kisha mu mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka, kazi ikashuka, mishahara ikakawia miezi na miezi. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines wakatoka kwa ile waliyoita "départs volontaires". Mu miaka ile kukonda kulikuwa alama ya njaa. Ukimwi nao ukapita mu nyumba nyingi. Aliyeona siku zile, akiona leo shingo ya mtu inapungua, moyo wake unaruka. Tunamwelewa. Tunamwomba tu atofautishe: kuna mwili unaopungua kwa njaa ao ugonjwa, na kuna mwili unaopungua kwa mpango, mwenyewe akijua anafanya nini.

Tena kazi imebadilika. Baba zetu wengi walivunja jiwe kwa mikono, bukari ikaisha mu mwili siku ileile. Leo wengi wanaketi saa nyingi mu kamyo, mu krini ao mbele ya mashini. Sahani imebaki ya zamani, jasho limepungua. Ba-creuseur, wao, wanashuka mu shimo na kupandisha mifuko ya mawe ku mgongo. Kwao mambo ni mengine: wengi wanahitaji kula zaidi, hakuna haja ya kuwambia wapunguze. Kwa hiyo kilo moja ya kufaa watu wote haipatikane.

Basi, kilo ngapi? Ku hospitali watakupimia kile wanaita IMC. Hesabu yake ni nyepesi: unachukua kilo zako, unagawanya kwa urefu wako wa metre, kisha unagawanya tena kwa urefu uleule. Ikitoka kati ya 18,5 na 25, wanasema uko vizuri. Toka 25 kilo zimezidi. Toka 30 ni unene wa kuleta magonjwa. Mtu wa metre 1,70 atakuwa vizuri toka kilo 54 mpaka 72. Mama wa metre 1,60, toka kilo 48 mpaka 63. Angalieni nafasi iliyo kati: kwa yule wa kwanza ni kilo 18! Hata meza ya munganga haikupe namba moja. Inakuonyesha kiwanja, fasi ya kusimama ndani yake utaitafuta wewe na yeye.

Tena hesabu hiyo ilitoka kwa Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, mu miaka ya 1830. Alikuwa mtu wa hesabu na wa kuchunguza nyota, hakuwa munganga. Alitafuta mtu wa katikati mu taifa, hakutafuta afya ya mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana IMC haijue kama kilo zako ni za mafuta ao za nyama ya kazi. Kijana wa kubeba mifuko anaweza kupita 25 bila kuwa na tumbo. Mwingine anakaa chini ya 25, lakini tumbo linatangulia mlangoni.

Kwa hiyo tunapenda ile kamba ya kupimia ya fundi wa nguo. Pumua nje, usivute tumbo, zungusha kamba katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Waganga wengi wanaanza kuangalia hatari ku sentimetre 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Kuna kipimo kingine rahisi kukumbuka: kiuno kisifike nusu ya urefu. Mtu wa sentimetre 170 abaki chini ya 85. Mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yanayosumbua moyo na sukari kupita yale ya mikono na mapaja.

Jambo ingine ambalo wengi hawaambiwe: faida inaanza mapema. Kwa mtu mwenye kilo nyingi, kupoteza sehemu 5 mpaka 10 juu ya 100 ya uzito wake kunaweza kushusha tansiyo na sukari. Kwa yule dereva wa kilo 104, ni kilo 5 mpaka 10. Akifika 94 bado meza itasema amezidi, kweli, lakini amekwisha kupata kitu kikubwa. Asijione ameshindwa sababu hajafika 72. Asimame kwanza hapo, akae miezi sita, apimwe tansiyo, sukari na kiuno. Kisha yeye na munganga waone kama iko haja ya kushuka tena. Na dawa ya tansiyo asiiache kwa kusema "nimekonda, nimepona": munganga peke yake ndiye anaibadilisha.

Kusimama ni kazi ngumu, tuseme ukweli. Mtu akipunguza kilo, mwili unajitetea: njaa inapanda, na mwili unatumia chakula kidogo kuliko mbele. Hiyo si uvivu wala roho mbaya, ndiyo mwili ulivyo. Kwa hiyo kilo unayoweza kushika tu kwa kulala njaa, kwa kizunguzungu ku kazi, kwa kukasirikia watoto jioni, haiko kilo yako. Mu mgodi kizunguzungu kinaua, tena hakiue mwenyewe tu. Kilo yako ni ile ambayo vipimo viko vizuri, unamaliza ekipi na nguvu, na unakula ku meza moja na watu wako: bukari kidogo, sombe na mboga mingi, samaki, maharagi, mafuta ya kupima na kijiko. Tena usichague namba moja. Chagua nafasi ya kilo tatu, kama 91 mpaka 94. Kilo ya mwili inapanda na kushuka na maji, na chumvi, na siku. Ukipita juu ya nafasi yako majuma mawili, rudisha mkono ku sahani.

Sasa upande mwingine, na hapa hatuchezi. Kilo zikianguka bila wewe kutaka, usishangilie. Kikohozi cha kupita majuma mawili, homa ya jioni, jasho la usiku, damu mu makohozi: enda upimwe kifua kikuu. Sisi wa migodi tuko mbele ya hatari hiyo, sababu vumbi la mawe yenye silika linaharibu mapafu na kufungulia kifua kikuu mlango. Dawa zake mu Kongo ni za bure, matunzo ya kawaida ni miezi sita. Kiu ya kila saa na mukojo mingi pamoja na kukonda, pima sukari. Na pima virusi vya ukimwi bila haya, dawa ziko. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kusimama vizuri ni kupandisha kilo, na jamaa wamsaidie na chakula.

Tuna maombi mawili. La kwanza ni kwa wakubwa wa migodi. Ku vizite ya kila mwaka mfanyakazi anapandishwa ku mizani, anaandikiwa "apte", anarudi ku kazi. Mumpe karatasi yake: kilo, kiuno, tansiyo, sukari, za mwaka huu na za mwaka uliopita. Mwili ni wake, namba nazo ni zake.

La pili ni kwa sisi wote ku kartié. Tukiona mtu anapungua, tusimwambie "unamalizika". Tumuulize: "Unajisikia namna gani? Ulipimwa?" Akijibu kwamba anajisikia vizuri na alipimwa, basi tumwache asimame fasi aliyochagua. Na bibi yake, anayepunguza mafuta mu sufuria na kusikia maneno ya mashemeji, tumpe heshima. Yeye ndiye anatunza mshahara wa nyumba ile kwa miaka inayokuja.