Maruge alikuwa wa Eldoret, sinema ikampeleka nyikani

Wiki hii niliweka kando za Marekani nikaangalia za kwetu.

Nairobi Half Life (2012) bado ni moto, Joseph Wairimu ameweza. Supa Modo (2018) usiiangalie ukiwa kwa matatu, utalia mbele ya watu.

Lakini The First Grader (2010) ndiyo nataka tuongee. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84, hapa hapa Eldoret, shule ya Kapkenduiywo. Kutoka Kimumu ni kuvuka tu tauni. Oliver Litondo amemcheza mzee hadi unasahau ni muigizaji, na mateso ya wakati wa Mau Mau yanauma kuyatazama.

Sasa, Eldoret iko wapi kwa hiyo filamu? Shule iko nyikani, vumbi tupu. Huku kwetu ni baridi, mahindi na matope! Hilo naweza kusamehe. Kile siwezi ni hiki: fujo za baada ya uchaguzi zilimtoa mzee kwake, 2008 akaishi kwa hema, na bado alienda shule. Hiyo sehemu hawakuigiza. Mimi ningeanzia hapo. Wengi wetu tulikuwa wadogo ama hatujazaliwa, na nyumbani hiyo stori tunapewa nusu nusu, mkubwa akiingia inakatwa.

Msee wa hapa aitengeneze, watu waongee vile tunaongea. Nani ako na kamera?