Kabla ya kuwaahidi watoto safari, wekeni hesabu mezani

Mwaka juzi tuliwaahidi watoto kwamba likizo ya Juni tutakwenda Dar es Salaam wakaone bahari. Juni ikafika, paa la jikoni likavuja, fedha ikaishia kwenye bati. Tukasema basi, Desemba. Desemba ikaja na msiba upande wa baba yao, na fedha ikaenda huko, kama inavyopaswa. Tangu hapo binti yetu mkubwa, aliye darasa la sita, hakuuliza tena habari za safari. Nikajipongeza moyoni kwamba mtoto amekua, anaelewa.

Jioni moja mdogo wake akaniuliza, "Mama, baharini tunaenda lini?" Kabla sijafungua mdomo, dada yake akajibu kutoka jikoni, "Wee nyamaza, hao wanasemaga tu."

Mzazi mwenzangu, nilitamani kumgombeza. Lakini ningemgombeza kwa kosa gani? Alikuwa amesema kweli.

Usiku ule mimi na baba yao tulizungumza hadi saa sita. Tukakubaliana jambo moja: safari hii hatutaahidi chochote, tutapanga pamoja nao. Kesho yake baada ya chakula tukaweka daftari mezani, tukawaeleza watoto wote watatu kiasi tulichonacho: shilingi 260,000. Ndiyo, tuliwatajia. Sisi tulikuzwa tukiamini kwamba fedha si mazungumzo ya watoto, lakini mtoto asiyejua mfuko una nini atadhani unamnyima kwa kupenda.

Tukaanza na Dar. Kutoka hapa Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70, na kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya 800. Siku nzima ya kwenda, siku nzima ya kurudi, nauli za watu watano, bado malazi. Kwa wikiendi, ni kwenda kulowesha miguu na kugeuza. Mkubwa akapiga hesabu mwenyewe, akaweka kalamu chini. Kisha akauliza, "Kwani tunachotaka si mchanga na mawimbi? Matema si ipo?"

Nikaona aibu kidogo. Matema iko pale Kyela, kaskazini kabisa mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Nimeishi Rungwe miaka yote hii na sikuwahi kufika. Watu wanatoka ng'ambo kuja kuiona, sisi tunaota Dar.

Kila mtoto tukampa kazi. Mkubwa alishika daftari la matumizi. Wa kati alipanga chakula cha njiani: viazi vya kuchemsha, parachichi, ndizi mbivu na chupa ya chai. Mdogo alihesabu mabegi kila tunapopanda na kushuka gari. Sisi wazazi tukachukua yale ya kuumiza kichwa. Tulichagua Agosti, kwa sababu Machi hadi Mei huku kwetu mvua hainyamazi. Tulipiga simu mapema kuuliza bei ya chumba na kama kina vyandarua. Ukiishi kwenye baridi ya Tukuyu unaweza kusahau mbu, lakini kule chini wapo, na malaria ipo. Mkipata homa baada ya safari, pimeni haraka, msisingizie uchovu.

Jumamosi alfajiri tuliondoka na masweta. Barabara inateremka zaidi ya mita 1,000 hadi ziwani, na watoto waliona mabadiliko kwa macho yao: mashamba ya chai na migomba yakabaki nyuma, ikaja mikakao, kisha majaruba ya mpunga. Tulipofika Kikusya, kwenye njia panda ya Matema, masweta yote yalikuwa ndani ya begi.

Tulipoona maji, yule wa kati aliniuliza kama kweli hii si bahari. Nikamwambia aonje. Akaonja, akacheka. Nikamweleza kwamba ziwa hili lina kina kinachofika kama mita 700, na kwamba lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani.

Tuliweka sheria kabla mtu hajavua viatu. Tuliwauliza wenyeji sehemu salama ya kuoga, na tukaambiwa tukae mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba. Maji yasipite kiuno cha mtoto, na mzazi mmoja awe ndani ya maji nao, simu ikiwa imebaki kwenye begi. Mchana upepo ulipoanza kuinua mawimbi, tukawatoa wote. Walinuna. Tukawapeleka Lyulilo, jirani tu, kuangalia vyungu vya Wakisi, ambavyo akina mama wa Ikombe hufinyanga kwa mikono. Mdogo alisahau kununa pale pale. Tulinunua kimoja, na mkubwa akakiandika kwenye daftari.

Jumapili jioni tukiwa garini kupanda kurudi Tukuyu, masweta yakatolewa tena. Mkubwa alifunga hesabu. "Zimebaki 11,500," akasema. Akanyamaza kidogo, halafu akamgeukia baba yake. "Mwakani tutakwenda tena?"

Nilimwona baba yao akifungua mdomo kusema ndiyo. Akajizuia. "Sijui, mwanangu. Tutakaa mezani tuhesabu, halafu nitakujibu."

Nilidhani atakasirika. Akasema tu, "Sawa, baba," akaliweka daftari kwenye mkoba wake, si kwenye wangu. Hajalirudisha mpaka leo. Juzi nimeona ameandika juu ya ukurasa mpya: Daraja la Mungu, Kiwira. Chini yake ameacha nafasi ya nauli.

Kama kwako kuna mtoto aliyeacha kuuliza, usisubiri upate fedha za Dar. Chukua daftari leo jioni, mwambie ukweli wa mfuko wako, halafu mwulize yeye angependa kuona nini. Huenda kiko karibu kuliko unavyodhani.

Tukutane wiki ijayo.