Picha ya Siku ya Kulipa

Serikali ikipungukiwa na fedha za vita, huitafuta sinema. Mwaka 1918 Charlie Chaplin alitoa filamu fupi, The Bond, kuwahimiza Wamarekani wanunue hatifungani za vita. Humo anamwangusha Kaisari wa Ujerumani kwa nyundo kubwa. Filamu za namna hii humwonyesha adui akianguka. Mkopeshaji akirudishiwa chake hatumwoni, na hiyo ndiyo kasoro ninayoishitaki. Raia wa Ujerumani waliikopesha serikali yao mara 9 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mfumuko wa bei wa 1923 ukaila akiba yao yote.

Sisi wa Kipalapala na Tabora tunapaswa kulijua hili hata bila sinema. Mwaka 1916 Wajerumani walipiga hapa Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, lakini pia walitoa noti za muda, za karatasi. Noti ni ahadi ya kulipa. Aliyeipokea kwa mtama au ng'ombe wake aliikopesha serikali bila riba, wala hakuulizwa kama anataka. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakautwaa mji. Mdaiwa alikwisha shika njia, na mwenye noti akabaki na karatasi mkononi.

Wako watakaosema kwamba nchi ikivamiwa hakuna nafasi ya kuhesabu riba. Nakubali, kukopa ili kujilinda si dhambi. Lakini hata Uingereza, iliyoshinda, iliushusha mkopo wake wa 1917 kutoka riba ya asilimia 5 hadi 3.5 mwaka 1932, na ikamaliza kuulipa Machi 2015, walioitikia wito ule wakiwa makaburini. Wengine watasema filamu hizi hufundisha kuweka akiba. Mwaka 1935 mradi wa sinema wa Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu ya Benki ya Akiba ya Posta: mfanyakazi anafukia mshahara wake, unaibiwa. Fundisho hilo ni jema, kwa sababu akiba ya posta mwenyewe huitoa anapoihitaji. Mkopo wa vita kama ule wa Uingereza hungoja hiari ya mkopaji, na kuuita akiba ni kumpoteza mtu.

Ndugu msomaji, ukiombwa fedha kwa jina la taifa, iwe kwa sinema au kwa simu yako, uliza atalipa nani, lini, na kwa fedha yenye thamani gani. Nanyi mnaotengeneza filamu hizo, ongezeni picha moja: mkulima yuko dirishani, anahesabiwa fedha zake.