CHAJI HAINA FULIZA
Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini hawakutuambia kwamba haba na haba vilevile hukimaliza kibaba. Ndugu msomaji, ukitaka kuyaamini haya, iangalie simu janja ya nyumbani kwenu tangu jioni sisi wanafunzi wa kutwa tunapotua mikoba hadi saa ya kulala. Utaona jinsi asilimia 80 ya chaji inavyogeuka kuwa 10, na hakuna hata mmoja atakayekubali kwamba ndiye aliyeila.

Nimeishika kalamu kwa sababu jambo hili limefanywa mzaha. Mtu akisema simu imezima, wenzake humcheka na kumwambia anunue nyingine. Mimi sioni la kuchekesha. Katika nyumba nyingi za hapa Machakos simu janja ni moja tu, nayo ni ya mzazi. Simu hiyo ndiyo benki, ndiyo daftari la madeni, ndiyo saa ya kuamkia, na ndiyo njia ya mwalimu kumpata mzazi. Tangu M-Pesa ianze mwezi wa Machi 2007, karo, nauli, pesa za mboga na michango ya matanga zimekuwa zikipitia humo. Pesa zikikwisha, kuna Fuliza ya kumkopesha mtu asonge mbele. Lakini chaji ikikwisha, nani atakukopesha? Chaji haina Fuliza.

Ninamjua mama mmoja anayeuza maembe sokoni mjini. Muhula uliopita alipata mteja wa kununua kreti tatu kwa mpigo, naye mteja alitaka kulipa kwa simu. Simu ya mama ilikuwa imezima. Kijana wake, mwanafunzi kama mimi nawe, alikuwa ametazama mpira hadi usiku wa manane, na kulipokucha stima haikuwako. Mama hangeweza kuuachilia mzigo bila kuuona ujumbe wa pesa, kwani matapeli ni wengi. Mteja akavuka hadi kwenye kibanda cha pili. Maembe hayangoji, yakiiva yameiva. Sasa niambie, huo ni mzaha?

Maoni yangu ni haya: mlinzi wa kwanza wa chaji ya nyumbani si mzazi, ni sisi vijana. Kwanza, sisi ndio tunaoila kwa wingi. Pili, sisi ndio tuliopelekwa shule tukafunzwa umeme. Mwenye kula ndiye anayepaswa kujua ghala limebaki na nini.

Hebu kwanza tukiondoe kisingizio kimoja. Wenzangu hupenda kudai ati betri za siku hizi ni bovu, manake zile za zamani zilikaa wiki. Tuulize hesabu. Nokia 1100, iliyotoka mwaka wa 2003 na ambayo kwa sababu ya tochi yake ni miongoni mwa zile tulizoziita mulika mwizi, ilikuwa na betri ya milliampea-saa 850. Simu janja nyingi za sasa zina milliampea-saa 5,000. Hiyo ni karibu mara sita! Basi ghala limepanuka, lakini walaji wamepanuka zaidi: skrini kubwa inayong'aa, video, michezo, na programu zinazozungumza na mtandao hata simu ikiwa mfukoni. Mwenye mshahara mkubwa na mikono miwazi hufilisika kama maskini.

Sisi watu wa Ukambani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mgeni. Mvua yetu ni haba, na hatuna uwezo wa kuiongeza. Wazee wetu walifanya nini? Walichimba matuta ili maji yasitoroke na udongo. Pia kuna mabwawa ya mchanga: mto wa msimu huzibwa kwa ukuta, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakajificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Hawakungoja mvua kubwa. Waliitunza iliyonyesha. Nasi tuitunze hivyo hivyo chaji iliyopo kabla ya kulilia betri kubwa.

Je, tutaitunzaje? Fizikia ya shuleni inatuambia kuwa nishati inayotumika ni nguvu mara muda. Kwa hivyo njia ni mbili tu: punguza nguvu inayovutwa, au punguza muda wa kuivuta.

Mlaji wa kwanza ni skrini. Mwangaza ukiwa juu kabisa ndani ya nyumba usiku, unaichoma chaji na kuyaumiza macho. Ushushe. Pia ipe simu amri ijizime skrini baada ya sekunde 30 badala ya dakika kumi. Kuna wanaoapa kwamba kugeuza rangi ya skrini kuwa nyeusi huokoa chaji. Inategemea. Katika skrini za aina ya OLED kila nukta hujiwakia yenyewe, hivyo nyeusi ni sawa na taa iliyozimwa. Lakini simu nyingi za bei nafuu zina skrini za LCD, ambazo taa yake huwaka nyuma ya skrini nzima hata picha ikiwa nyeusi tititi. Huko unajidanganya.

Mlaji wa pili ni mtandao hafifu. Wanaoishi mabondeni, nyuma ya vilima kama vile vya Iveti na Mua, wanajua kuna pembe za nyumba ambazo mtandao ni wa kubahatisha. Simu ikiusikia mnara kwa mbali, huongeza nguvu ya kutuma mawimbi, kama mtu anayepaaza sauti ili asikike ng'ambo ya mto. Makelele hayo hulipwa kwa chaji. Isogeze simu karibu na dirisha. Usiku, zima data, maana simu za dharura bado zitaingia. Mahali pasipo na mtandao kabisa, iweke katika hali ya ndegeni, ipumzike.

Mlaji wa tatu hula gizani. Kuna programu zinazouliza kila mara simu iko wapi, zingine zinapakua picha na video ambazo hakuna aliyeziomba. Fungua orodha ya matumizi ya betri, nayo simu yenyewe itakutajia mwizi kwa jina. Mfungie huyo. Lakini usiwe na tabia ya kufagia programu zote kila dakika tano, kwani kuifungua programu upya kunaweza kula chaji zaidi ya kuiacha imelala.

Mlaji wa nne ni joto, na huyu ni hatari kuliko wote. Wale watatu hula chaji ya leo, lakini joto hula betri yenyewe. Simu iliyoachwa juani kando ya meza ya biashara, au mbele ya kioo cha gari, au inayochezewa mchezo huku ikichajiwa, inazeeka kabla ya siku zake. Ikipata moto, iweke kivulini na uiache itulie. Usiitie kwenye friji, kwani unyevu utaiingia ndani.

Hapa ndipo ninapolazimika kukosana kidogo na wakubwa wetu. Nyumbani tunaambiwa, "Ngoja izime kabisa ndipo uichaji," na tena, "Simu mpya ichajiwe masaa manane kabla ya kutumiwa." Siwalaumu. Ushauri huo ulikuwa na maana katika siku za betri za nikeli, na baadhi ya simu za mkono za zamani zilizitumia. Betri za leo ni za lithiamu. Kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka wa 1991, na mwaka wa 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuzivumbua na kuziendeleza. Betri ya lithiamu haipendi njaa kali wala shibe ya kupindukia. Ukiiacha ifike sufuri kila siku unaichosha, na ukiiacha ijae pomoni usiku kucha tena mahali pa joto, unaizeesha. Ichomeke ikifika kama 20, ichomoe ikifika kama 80. Siku ya safari ijaze mpaka 100, hakuna ubaya.

Aidha, usiichaji simu chini ya mto au godoro, kwa maana joto hukosa pa kutokea. Chaja za ovyo za barabarani zisikuvutie kwa bei yake. Na ukiona mgongo wa simu umevimba, usiubonyeze wala kuutoboa. Acha kuitumia na uipeleke kwa fundi, maana betri iliyovimba inaweza kuwaka moto.

Najua wapo watakaonipinga. Wa kwanza atasema, "Kwani ni lazima tujisumbue? Si tununue pawabenki?" Ni chombo kizuri kwa mwenye uwezo, lakini pawabenki nayo huchajiwa kwa stima ile ile. Na stima yenyewe hatuna hakika nayo. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani hadi siku iliyofuata. Isitoshe, kaunti yetu ndiyo yenye bwawa la Masinga, ambalo tangu 1981 limesaidia kuzalisha umeme wa taifa, na bado ziko familia vijijini zinazolipa dukani ili simu zao zichajiwe. Kwa familia hiyo kila asilimia imelipiwa kwa shilingi.

Wa pili atasema, "Betri ikifa tutanunua simu mpya." Ni kweli simu zinazidi kutukaribia. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu janja kilifunguliwa Athi River, humu humu Machakos. Lakini betri haioti mtini. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri nyingi za simu, huchimbwa Kongo, katika maeneo kama Kolwezi, na watu wa huko wanaongea Kiswahili kama sisi. Wako wanaoichimba kwa mikono, wakiingia mashimo yanayoweza kuwafunika. Betri yetu ikifa katika mwaka mmoja badala ya mitatu kwa uzembe wetu, tumeitupa kazi ya jasho la ndugu hao, na tumeitupa pia karo ya mtu.

Wa tatu, na huyu huenda ni mwalimu wangu, atauliza kwa nini mwanafunzi aandike habari za simu ilhali simu haziruhusiwi shuleni. Mwalimu, kwa heshima na taadhima, sheria hiyo naiunga mkono. Lakini sisi ni wa kutwa. Jioni tukivuka lango tunaikuta simu nyumbani inatungoja, na hakuna sheria ya shule inayotufuata hadi jikoni. Huko tunahitaji adabu tunayojiwekea wenyewe.

Ndipo ninapotoa pendekezo langu, na ninalielekeza kwa Chama chetu cha Kiswahili. Simu nyingi za Android zinaweza kugeuzwa zikaongea Kiswahili. Mzazi aliyekuwa akiyaogopa maneno ya Kiingereza hukutana na "Mipangilio" na "Betri", akajua aende wapi. Siku ya wazazi ijayo tuweke meza moja chini ya mti. Mzazi aje na simu yake, naye mwanachama, kwa idhini yake na mbele ya macho yake, amwonyeshe kubadili lugha, kushusha mwangaza na kuwasha kiokoa betri. Asiguse ujumbe wake, wala asiulize namba yake ya siri. Tukiwahudumia wazazi wetu hivyo, Kiswahili kitaonekana kuwa lugha ya kazi wala si ya mtihani pekee.

Na kabla ya siku hiyo kuna jambo ambalo halihitaji kamati. Kila mmoja wetu ajiwekee mpaka nyumbani kwao: chaji ikifika 40 usiku, simu inarudi kwa mwenyewe. Hiyo 40 ni ya mzazi, ya soko, ya mgonjwa atakayehitaji gari alfajiri. Marudio na video zitangoja kesho. Akiba haiozi, wasomaji wapenzi. Mwenzangu wa dawati la nyuma tayari ameniambia kuwa 40 ni nyingi mno, tufanye 30. Nimemwambia aandike makala yake, nami nitaijibu toleo lijalo.