Mahindi ya Eldoret na plastiki inayozuia hewa: Ahadi za nano zipimwe kwanza

UCHAMBUZI

Kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba, mahindi yanapovunwa katika kaunti za Uasin Gishu, Trans Nzoia na Nandi, mkulima hukabiliwa na uamuzi mgumu. Akiuza papo hapo, anauza wakati soko limefurika na bei imeteremka. Akihifadhi hadi Mei au Juni, huenda bei ikapanda, lakini huenda pia akafungua ghala na kukuta punje zimegeuzwa unga na fukusi.

Mfuko usiopitisha hewa ulibuniwa ili kumwondolea mkulima shaka hiyo. Miongoni mwa inayofahamika zaidi ni ile ya PICS, ambayo chimbuko lake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani uliofanywa nchini Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde. Mfuko huo una tabaka mbili za plastiki ya polithini ndani ya gunia la kawaida la kufumwa. Watengenezaji wengine hutumia mfuko mmoja wa ndani wenye tabaka kadhaa zilizounganishwa.

Kazi yake si ya miujiza. Wadudu waliofungiwa humo hupumua na kumaliza oksijeni, ambayo hushuka kutoka takriban asilimia 21 hadi chini ya asilimia 5, huku hewa ya kaboni ikiongezeka. Wadudu huacha kula, huacha kuzaana, na hatimaye hufa pasipo dawa yoyote. Sharti ni moja tu: oksijeni ya nje isiingie kwa kasi kuliko inavyotumika ndani.

Katika sharti hilo ndimo linamoingia suala ambalo wataalamu wa polima wamelishughulikia kwa miongo kadhaa, nalo ni jinsi chembe ndogo mno zinazochanganywa katika plastiki zinavyobadilisha mwendo wa gesi. Ni suala linalostahili kujulikana Eldoret, kwa kuwa neno nano limeanza kutumika kama sifa ya kuuzia bidhaa za kila aina.

Gesi hupitaje katika plastiki?

Plastiki isiyo na tundu hata moja bado hupitisha hewa. Molekuli za gesi huyeyuka katika uso wa plastiki, hupenya kati ya minyororo ya polima, kisha hutokea upande wa pili. Karatasi ya polithini yenye unene wa maikromita 25, ikikabiliwa na oksijeni tupu, huweza kupitisha zaidi ya mililita 1,000 kwa kila mita mraba kwa siku. Polima iitwayo EVOH, yenye unene uo huo na ikiwa kavu, haifikishi mililita 5. Hata hivyo EVOH ni ghali kuliko polithini, na uwezo wake hudhoofika inapopata unyevu. Ndiyo maana huwekwa katikati ya tabaka nyingine.

Njia nyingine ni kutia vibamba vya udongo wa mfinyanzi vyenye unene wa takriban nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, na upana wa mara mia moja au zaidi ya unene huo. Gesi haiwezi kupita ndani ya kibamba, hivyo hulazimika kukizunguka, kisha kuzunguka kinachofuata, mfano wa mtu anayepita katika vichochoro badala ya barabara kuu. Mtafiti Lawrence Nielsen alitoa hesabu ya safari hiyo mwaka 1967, na maabara za kampuni ya Toyota nchini Japani zikaonyesha katika miaka ya 1980 kwamba nailoni iliyochanganywa na udongo wa aina hiyo inaweza kutengenezwa.

Kwa hesabu ya Nielsen, vibamba vyenye upana wa mara 100 ya unene wake, vikichukua asilimia 3 tu ya ujazo wa plastiki na vikilala sambamba na uso wake, hupunguza gesi inayopita hadi kufikia takriban asilimia 39 ya ile ya awali. Kwa kiasi kidogo hivyo cha udongo, hiyo ni faida kubwa.

Chembe zile zile huweza kufungua mlango

Lakini hesabu hiyo ina masharti ambayo tangazo la biashara halitayataja. Udongo hupenda maji, polithini huyakataa. Vikichanganywa bila kiungo cha kuvipatanisha, vibamba hushikamana na kuwa mabonge. Bonge halizuii njia kama kibamba, na pembeni mwake huweza kubaki nafasi tupu ambamo gesi hupita kwa urahisi kuliko awali. Vibamba vikisimama wima badala ya kulala, faida nayo hupotea kwa kiasi kikubwa.

Zaidi ya hayo, zipo chembe ambazo huongeza mwendo wa gesi hata zikisambazwa vizuri. Mwaka 2002, watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo kuwa chembe za silika zilizotiwa katika aina fulani ya polima ngumu ziliisukuma minyororo yake ikaachana, na gesi ikapita kwa wingi zaidi. Walikuwa wakitafuta utando wa kuchuja gesi, hivyo kwao hayo yalikuwa mafanikio. Kwa mwenye kuhifadhi mahindi yangekuwa hasara.

Kwa hiyo kuambiwa kuwa mfuko una nano si kuambiwa kuwa unazuia hewa. Chembe ni zipi, zina umbo gani, zimesambaa vipi na katika polima ipi, hayo ndiyo yanayoamua kama mlango umefungwa au umefunguliwa. Mkulima hawezi kuyaona kwa macho, na muuzaji wa pembejeo pia hawezi.

Kipimo kiandikwe juu ya mfuko

Linaloweza kufanyika ni kupima. Kiasi cha oksijeni kinachopita katika mita mraba moja kwa siku ni nambari inayopatikana maabara kwa mitambo inayojulikana. Nambari hiyo ikichapishwa juu ya kila mfuko, pamoja na unene wa plastiki na idadi ya misimu ambayo mfuko umethibitishwa kudumu, mnunuzi ataweza kulinganisha bei na uwezo. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) lingekuwa na jambo la kukagua sokoni, na mtengenezaji mwaminifu angelindwa dhidi ya mwenye maneno matupu.

Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti mwaka 2024, haikosi wasomi wa kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Moi kina idara za uhandisi na utaalamu wa nguo na nyuzi, na Chuo Kikuu cha Eldoret kina wataalamu wa kilimo. Utafiti wa plastiki za kuhifadhia nafaka ungekuwa na manufaa ya moja kwa moja kwa wakulima wanaovizunguka vyuo hivyo.

Usalama nao usisahauliwe, kwani mfuko hugusana na chakula kwa miezi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2011 kuhusu plastiki zinazogusa chakula, hauruhusu viambato vya umbo la nano hadi viidhinishwe waziwazi. Kenya pia ina sababu ya kujiuliza mfuko huo utakwenda wapi ukichakaa. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017 haiwezi kupuuza kwamba plastiki yenye tabaka za aina mbalimbali ni ngumu kuchakata upya kuliko ya aina moja.

Kisha kuna mipaka ambayo hakuna chembe itakayoivuka. Dumuzi, mdudu kutoka Amerika ya Kati aliyeripotiwa Kenya mwaka 1983 katika eneo la Taita Taveta, hutoboa plastiki. Tundu moja la dumuzi huvuruga kazi ya vibamba vyote. Vilevile mfuko haukaushi mahindi. Punje zikifungiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5, unyevu huo hubaki ndani, na kuvu huenda ikapata nafasi.

Hatari ya kuvu si ya kubuni. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, yalisababisha visa 317 vya ugonjwa na vifo 125. Mashine ya kukaushia iliyo karibu na shamba, na kifaa cha kupimia unyevu, vitaokoa magunia mengi kuliko tabaka lolote jipya la plastiki. Serikali ya kaunti ikiwa na shilingi za kugawa, zianzie hapo. Nano ije baadaye, ikiwa na nambari yake mkononi.