Jeti Isiruke Kianda, Ila Iundwe Huko

Kutoka Kianda, kijiji cha magharibi mwa Kibera, Nairobi, hadi Uwanja wa Ndege wa Wilson ni mwendo mfupi tu, na ndege ndogo zimekuwa zikitua Wilson tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kwa hivyo hakuna ubishi: jeti ya rimoti inayoendeshwa kwa feni ya umeme, ambayo huweza kupita kilomita 150 kwa saa, haifai kurushwa juu ya mabati ya Kianda. Vyombo visivyo na rubani vina kanuni zake za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, na anayetaka kurusha chochote aanzie huko. Ninachokataa ni dhana kwamba jeti isiyoruka haina faida.

Uhondo wa chombo hiki uko mezani. Feni ya milimita 70 iliyofungwa ndani ya bomba, ikipewa betri ya lithiamu ya volti 22.2, inaweza kuvuta ampea 70 hivi. Zidisha: ni takriban wati 1,550, kiasi cha pasi ya umeme ya nyumbani. Betri ya ampea-saa 5 itaishiwa baada ya dakika 4 na ushei, na mwanafunzi aliyepiga hesabu hiyo kwa kalamu ataona saa ikimthibitishia. Feni ikifungwa kwenye kibao kinachoteleza na kusukuma mizani ya jikoni, msukumo wake unasomeka kwa gramu. Ondoa ukingo wa mviringo kwenye mdomo wa bomba, na namba inashuka, kwa kuwa hewa haiingii tena kwa ulaini. Mota yenyewe, isiyo na brashi, hufanya kazi kwa kanuni ileile ya mota za bodaboda za umeme zinazopita Ngong Road. Fundi wa kesho wa bodaboda hizo anaweza kuanzia hapa.

Wapo watakaosema Kianda inahitaji maji na vyoo kwanza. Inavihitaji, lakini sijasikia watoto wa mtaa tajiri wa Lavington wakiambiwa wasubiri mabomba ya mtaa yatengenezwe ndipo wasome fizikia. Suala la bei lina uzito zaidi: jeti kamili hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Feni na mota bila bodi ni sehemu ndogo ya gharama hiyo, na darasa zima linaweza kutumia moja.

Pingamizi nzito kuliko zote ni moto. Betri ya lithiamu ikitobolewa au kuchajiwa kupita kiasi hulipuka kwa ndimi za moto, na vichochoro vyetu havipitishi gari la zimamoto. Basi betri hiyo isiingie Kianda kabisa. Feni ndogo zaidi huundiwa betri ya lithiamu ya seli 3, ambayo ikijaa ina volti 12.6, kiasi kilekile cha betri ya gari iliyojaa. Betri ya gari, fyuzi, na wavu mbele ya mapanga ya feni vinatosha. Shule ya Upili ya Mang'u imefundisha somo la usafiri wa anga kwa miaka mingi, na shule za sekondari ya juu sasa zina mkondo wa sayansi na teknolojia. Shule za eneo bunge la Kibra, lenye Kianda, ziombe meza moja ya majaribio katika bajeti ijayo ya hazina ya eneo bunge hilo.